Shangazi na Kelele za Ng'ambo ya Barabara

Umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya kelele? Shangazi yangu alimwonea Bi Haraka. Kila asubuhi modemu ya mwanamke huyo ilianza kukoroma na kupiga mluzi ng'ambo ya barabara, ikitafuta mtandao kupitia waya wa simu. Shangazi aliacha barua aliyokuwa akiichapa, akainuka, akafunga dirisha.

"Anapiga kelele makusudi," alisema. "Ili nijue ana wateja."

Wateja alikuwa nao kweli. Zamani wale wawili walijifunza kupiga taipu kwa kugombania mashine moja, kisha wakafungua pamoja chumba cha kuchapa barua. Bi Haraka, aliyepewa jina hilo kwa wepesi wa vidole vyake, siku moja alihama akafungua duka lake upande wa pili. Shangazi alibaki na kompyuta kuukuu, mashine ya fotokopi na jicho lisilobanduka dirishani. Wazazi waliotaka kutuma barua pepe kwa watoto walioko mbali walipita mlangoni kwake bila hata salamu.

Nilipomaliza chuo niliapa kumtoa kimasomaso. Kompyuta yake niliiwekea mfumo huria wa kuiendesha, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa bure. Niliamini, na bado naamini, kwamba maarifa hayafungiwi kabatini.

"Sisi hatutatumia programu za wizi kama wengine," nilimwambia.

Neno "wengine", alilolisikia kama Bi Haraka, lilimpendeza kuliko hotuba yangu yote.

Tukanunua modemu mpya ya kadi, ya kuchomeka ndani ya kompyuta. Ikagoma. Nilihangaika nayo mpaka nikaelewa: nusu ya kazi ya kadi watengenezaji walikuwa wameiachia programu inayokubali mfumo wa kuuzwa tu, ule ambao watu huunakili kwa wizi. Kwetu ilikuwa bati tu. Tulihitaji modemu ya nje, ile ya kisanduku chenye taa, inayofanya kazi yote yenyewe. Kisanduku pekee nilichokijua kilikuwa mezani kwa Bi Haraka.

"Tubadilishane naye, shangazi. Kadi yetu ina kasi zaidi, na kwenye kompyuta yake itafanya kazi."

"Yaani nimwongezee kasi juu ya haraka aliyo nayo?"

"Basi turudi kwenye programu za wizi."

"Niwe kama yeye?" Alicheka kwa pua. "Chuoni walikufundisha kubishana na wakubwa tu?"

"Bila modemu, wateja wataendelea kukupita."

Alifunga dirisha, ingawa ng'ambo kulikuwa kimya.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa nguo za kutokea, kadi ameiviringisha kwenye karatasi ya fotokopi. Akavuka barabara. Niliwaona wamesimama, kila mmoja akitazama mikono ya mwenzake. Waliyosema sikuyasikia. Alirudi na kisanduku kifuani, uso ameukunja.

"Amenenepa," alisema. "Na amenunua kiti cha kuzunguka."

Nilichomeka nyaya, nikaandika namba ya simu ya mtandao. Taa ziliwaka, kisanduku kikakoroma, kikapiga mluzi, tukaingia mtandaoni. Nilitaka kumkumbatia. Yeye hata kioo cha kompyuta hakukitazama.

"Sauti yake inaweza kuongezwa?"

"Inaweza."

"Basi ongeza. Kata, halafu piga tena."

Nilipoanza kupiga, alikwenda dirishani akalifungua, mabawa yote mawili.