Kiambatisho cha Damu

Fundi simu wetu ni binti wa miaka ishirini na mbili, mwenye mkono mwepesi na ugonjwa wa selimundu aliozaliwa nao. Kwa kuwa hajafikisha ishirini na tano, yumo kwenye mpango wa dawa nafuu kwa vijana: vidonge vyake vya kila siku anavipata kwa robo ya bei. Yaani anavipata akishathibitisha, kila mwaka, kwamba damu yake haijabadili mawazo.

Mwaka huu karani wa mpango, bwana mpole mwenye mihuri sita mezani, alimrudishia fomu mara tatu. Kwanza, kwenye picha alikuwa anatabasamu, na mgonjwa hatabasamu. Halafu barua ya daktari ilikuwa imepitwa na muda kwa siku mbili. Mara ya tatu akataka uthibitisho kwamba ugonjwa ni wa kurithi kweli, maana kisanduku cha "chanzo" kilijazwa bila kiambatisho. Vidonge vilikuwa vimekwisha wiki mbili nyuma. Binti alishalala siku nne kwa maumivu ya mifupa, simu za watu zikimngoja dukani matumbo wazi.

Jumatatu akaenda na kiambatisho: mama yake na baba yake. Wawili hao waliachana zamani na hata salamu walikuwa hawapeani. Akawakalisha kwenye benchi, yeye katikati.

"Chanzo ndio hawa," akamwambia karani. "Wagonge muhuri."

Karani akakohoa, akauliza ni yupi hasa. Mama akasema kwao hakuna damu hiyo. Baba akasema hata kwao. Foleni nzima ikasogea ipate kusikia vizuri. Binti akawaeleza, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kwamba simu imeingia maji, kuwa ugonjwa huu hautoki kwa mzazi mmoja: kila mmoja alitoa nusu yake, bila kumpunja mwenzake.

Baba akamgeukia binti. "Kumbe kuna jambo moja tulilokubaliana mimi na mama yako."

Mama akacheka kabla hajajizuia.

Karani akaandika "wazazi wameonekana", akagonga mihuri mitatu. Kwenye dirisha la dawa binti akapewa vidonge vya mwezi mmoja badala ya mitatu. Vingine, aliambiwa, viko njiani. Akatia kimoja mdomoni palepale. Mama akamwagiza baba maji, na baba akaenda bila kubisha.