Kidole cha Sita cha Ozella Tharpe

Mwaka huu, Jumapili ya kuoshana miguu kanisani kwetu, mashambani Georgia, Maybeth Crumley alikaa upande wa wanawake, taulo kiunoni na beseni miguuni, akiitazama benchi tupu. Maji yakapoa. Hakuna aliyethubutu kwenda kukaa pale.

Pale ni pa Ozella Tharpe, anayefanya kazi katika ghala la karanga. Hakuolewa. Mguu wake wa kushoto una vidole sita, na kila mwaka Maybeth aliuosha na kuukausha, kisha wakapokezana beseni, wakakumbatiana wakilia. Ozella anaishi peke yake. Mwaka mzima hakuna mkono mwingine uliomgusa. Kanisani hatukuwahi kuvihesabu vidole vile.

Ndipo akaja Dalton Sewell, mpwa wa mchungaji, mwalimu wa chuo kikuu, akaketi nyuma. Baadaye hadithi yake ikatoka katika jarida la kaskazini: mwanamke wa vidole sita, anakoroma kama nguruwe, anamtia mchungaji wazimu. Wasomi wakashangilia. Eti kiroja kile kinatuonyesha roho zetu. Roho za nani? Kwa nini kila wanapotaka kujitazama huja kuazima mwili wa maskini wa Georgia? Nimezisoma hadithi za namna hiyo, nyingine nzuri mno, na vilema waliomo hakuna anayewajulia hali.

Mwaka jana wageni walioisoma hadithi ile wakajaa nyuma, wengine na kamera. Ozella hakuvua kiatu. Baada ya ibada alimkuta Dalton uwanjani, anajipakulia kuku wa kukaanga.

"Bwana Dalton, yule mwanamke ni mimi?"

"Hapana, Bi Ozella! Ni hadithi tu."

"Basi ule mguu ni wa nani?"

Dalton akatabasamu. "Kile kidole ni ishara. Ishara ya upungufu wa binadamu."

"Upungufu? Mwanangu, mimi kimezidi. Huko chuoni hamjui kuhesabu?"

Watu wakaangua kicheko. "Mwongezeni paja," akasema Maybeth, "asije akaandika tulimnyima!"

Ozella hakucheka. "Umekula chakula chetu. Ungeniuliza, ningekwambia. Sasa nitavuaje kiatu, na wote mmekodoa macho?"

Dalton akainamia sahani yake.

Maybeth alimfuata Ozella nyumbani kwake. "Rudi kanisani, shoga. Au nikuoshe hapahapa."

"Hapa si kanisani, Maybeth."

Siku hizi Ozella anasali na Wamethodisti wa kando ya barabara kuu, ambako hakuna anayevua viatu.