Tairi Alilolitetea Gumba

Madereva wa kiwanda cha mikate walimwita Gumba, na jina hilo alilibeba kwa maringo. Alilipata kwa kazi ya kidole chake. Ukimfikisha mahali penye matairi hakuuliza bei wala hakusoma maandishi. Alichuchumaa, akabonyeza mpira kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, akafumba jicho moja, kisha akatoa hukumu. Likibonyea, alitikisa kichwa: "Hili laini, litaisha kabla ya mwaka." Likigoma, alilipiga kofi kama mtu anayempongeza mwanawe: "Hili ndilo tairi." Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyembishia.

Tusimwonee lakini. Alikuwa dereva wa kweli. Gari lake la mikate lilikuwa safi ndani na nje, makreti yamepangwa sawasawa, na wenye maduka waliweza kuweka saa zao kwa honi yake. Tatizo lake lilikuwa kujua. Alijua kila kitu, na asichokijua alikikisia kwa sauti ileile, hata usiweze kutofautisha.

Siku moja, baada ya kumaliza mzunguko wa asubuhi, alikwenda dukani kuchagua matairi manne ya gari lake. Duka alilolizoea lilikuwa limefungwa, basi akaingia la jirani, refu na jembamba, matairi yamepangana pande zote mbili hadi karibu na dari. Muuzaji alikuwa mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri magari yao.

"Gari linabeba nini, mzee?" muuzaji akauliza.

"Mikate."

"Likijaa linafika kilo ngapi? Na njia zenu zikoje, lami au vumbi? Kuna milima?"

Gumba akamtazama kwa huruma. "Binti, mimi nimeanza kuchagua matairi wewe bado unatambaa. Niache nifanye kazi."

Wale wa kwenye benchi wakacheka, na kicheko kikampa Gumba nguvu. Akapita mstari kwa mstari akibonyeza. Hili laini. Hili laini. Hili nalo ni maandazi, siyo tairi. Wateja wakazidi kucheka, mmoja akahama kabisa mwisho wa benchi ili aone vizuri. Kule pembeni kabisa, nyuma ya ngazi, Gumba akakuta matairi manne yamelazwa chini, meusi, mazito, meno marefu. Akabonyeza la juu. Likagoma kabisa. Akalipiga kofi.

"Haya ndiyo matairi," akawatangazia wote. "Nifungie haya."

"Hayo siuzi, mzee."

"Kwa nini? Una mteja wako?"

"Yamezeeka. Yanasubiri kuchukuliwa yakatupwe."

"Yamezeeka wapi? Hayajagusa barabara! Tazama meno!"

Muuzaji hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililomuumiza Gumba baadaye kila alipokumbuka: kwamba angeweza kumwaibisha pale, mbele ya watu, na hakutaka. Alichuchumaa kando yake, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa kiganja, akamwonyesha kiduara kidogo chenye tarakimu nne.

"Unaziona hizi? Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Hili lina miaka tisa. Limekaa tu hapa, lakini mpira unazeeka hata ukikaa, na ukizeeka unakuwa mgumu. Angalia chini ya meno, unaona nyufa? Kwenye lami kavu hutaona tofauti. Inyeshe sasa, uwe na mzigo, uwe kwenye mteremko. Ukikanyaga breki, litateleza kama sabuni."

Gumba alijua zile tarakimu. Alikuwa ameziona maisha yake yote. Alikuwa akiwaambia watu kuwa ni namba ya kiwanda.

"Gari la kazi linataka ugumu, hujakosea," muuzaji akaendelea kwa upole, "ila uwe ubavuni, pale panapobeba mzigo. Hapa kwenye uso wa tairi tunataka mpira ulio hai, unaoshika barabara. Nitakuchagulia la mizigo, lenye ubavu mzito na mifereji ya kutoa maji. Litadumu, na litakusimamisha."

"Ngoja," alisema Gumba. "Nakuja. Kuna kitu nakiangalia kwenye gari."

Akatoka. Ili uelewe alichokuwa anakwenda kukiangalia, inabidi turudi nyuma miezi minane.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa dereva wa kiwanda hichohicho. Gumba ndiye aliyemtafutia kazi, na Gumba ndiye aliyelichagulia matairi gari lake. Siku ya mvua, akiwa amejaza mikate, shemeji alikuwa anashuka mteremko wa zahanati. Akakanyaga breki. Magurudumu yakajifunga, na gari likaendelea tu kwenda, likavunja ukuta wa zahanati na goti la dereva. Hakuna mwingine aliyeumia. Shemeji alisema alikuwa kwenye mwendo wa kilomita arobaini kwa saa. Alisema hivyo hospitalini, akasema hivyo ofisini akiwa na mkongojo, na bosi alikuwa tayari kumwamini, ila alitaka kwanza kumsikia mtaalamu wa matairi.

Mtaalamu, Gumba mwenyewe, alifika akilivingirisha tairi lenyewe mpaka ndani ya ofisi. Mbele ya bosi na madereva wanne alichukua sarafu, akaichomeka kati ya meno, ikazama nusu. "Bosi, tairi la hivi haliwezi kuteleza," alisema. "Aliyeteleza ni mtu." Madereva wakacheka. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa mbele, akimtazama Gumba usoni. Kesho yake alipewa barua ya kuachishwa kazi. Gari lilipouzwa kama chuma chakavu, Gumba aliomba tairi lile moja. Aliona dhambi kutupa kitu kizuri vile, akalifanya la akiba.

Sasa alifungua mlango wa nyuma, akalitoa, akapiga magoti barabarani na suruali yake ya kazi, na kufuta ubavu kwa kiganja kama alivyoonyeshwa. Alifuta zaidi ya ilivyohitajika. Tarakimu zilikuwepo. Tairi lilikuwa na miaka kumi na mmoja. Siku aliyolinunua yeye, akilipiga kofi na kulisifu, lilikuwa tayari na miaka minane.

Alibaki pale chini. Watu walipita wakidhani ana pancha, mmoja akamuuliza kama anahitaji jeki. Gumba akasema hapana, asante. Aliona haya kiasi cha kutotaka kuinuka, kwa sababu akiinuka ingebidi aelekee mahali fulani, na hapakuwa na mahali ambapo hakuwa amejipiga kifua.

Alirudi dukani, akafungiwa matairi aliyochaguliwa, akashukuru kwa sauti ndogo. Wale wa kwenye benchi walikuwa wameshaacha kucheka.

Nyumbani mkewe alikuwa anapiga pasi. Gumba akakaa, akavua kiatu kimoja, akasahau cha pili.

"Mdogo wangu kapiga simu tena leo," mkewe akasema, bila kuinua uso kwenye shati. "Sijapokea. Ningemwambia nini? Mume wangu amemtafutia kazi, akamdhamini, halafu yeye akaligeuza gari la mikate kuwa la mashindano! Ana bahati hakuua mtu."

Huo ulikuwa ndio mwanya. Ungetosha kupitisha sentensi moja. Gumba akafungua mdomo, akasema, "Chai ipo?" Na alipoletewa chai aliinywa yote, mtu mzima na ndevu zake, akijichukia kila funda.

Asubuhi alipiga moyo konde, akaenda kwa bosi kabla hajapakia hata kreti moja. Alisimulia akiwa amesimama. Alionyesha tarakimu kwenye tairi. Bosi akainama, akazisoma mwenyewe.

"Magari mangapi humu ndani yana matairi uliyochagua wewe?"

"Yote, bosi."

Bosi akaamuru magari yote yasimame mpaka yakaguliwe, na mikate ya siku hiyo ikachelewa mji mzima. Madereva walichuchumaa uwanjani, kila mmoja kwenye gari lake, wakisomeana tarakimu kwa sauti. Miaka saba. Tisa. Nane. Hakuna aliyemtania Gumba. Angeshukuru kama wangemtania.

"Na shemeji yako yuko wapi siku hizi?" bosi akauliza.

"Anaosha magari, kule karibu na kituo cha mafuta."

"Nafasi yake ina mtu. Sitakudanganya kuwa nitamrudisha leo. Ila ile barua naifuta, na wewe utaniandikia nyingine kwa mkono wako. Uandike ulichosema na uandike ukweli. Nakala moja umpelekee mwenyewe. Na kuchagua matairi basi. Tutamuuliza yule mwanamke wa dukani."

Gumba aliandika hapohapo, kwenye pembe ya meza ya bosi, kwa herufi kubwa kama mtoto wa shule. Ilikuwa mistari sita tu. Ule wa nne, uliosema "hakwenda mbio," aliukosea mara mbili.

Sehemu ya kuosha magari ilikuwa sakafu ya saruji iliyoinamia mfereji, pipa la maji na mpira wa bomba. Shemeji alikuwa anasugua rimu za gari la mtu, mguu wake mmoja ameukunja na mwingine ameunyoosha pembeni kwa sababu goti halikunjiki. Alipomwona Gumba aliinuka kwa shida, akishika mlango wa gari.

"Shemeji! Karibu. Kuna kwema? Dada mzima?"

Alifurahi, na hilo Gumba hakuwa amejiandaa nalo. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, tena alikuwa anayataka.

"Soma hii kwanza," akasema.

Shemeji alifuta mikono kwenye fulana, akasoma. Akarudia tena tangu juu. Maji yaliendelea kutoka kwenye bomba yakielekea mfereji, na hakuna aliyeyafunga.

"Kwa hiyo sikukimbiza," alisema mwishowe.

"Hukukimbiza, shemeji. Wewe si ulisema mwenyewe, arobaini."

"Nilisema. Halafu nikaacha kusema." Akaikunja karatasi mara mbili, polepole. "Wewe ndiye uliyesema siyo tairi, na wewe kwenye matairi hukosei. Nikawaza, labda sikuangalia vizuri mshale wa spidi. Labda ilikuwa sitini. Nikamwambia mama kuwa nilikimbiza. Nikamwambia mke wangu. Dada alipoacha kupokea simu nikamwandikia ujumbe wa kuomba msamaha. Ni mara nne sasa, hajajibu. Usiku nikifumba macho, shemeji, naona kabisa mshale kwenye sitini. Nauona."

Gumba akatafuta pa kuuweka uso wake. Kulikuwa na gari lililooshwa nusu, kulikuwa na pipa, na kila kitu kilichokuwa na maji kilimrudishia sura yake.

"Nisamehe," akasema. "Nilikupaka matope mbele ya watu ili nionekane najua. Sikuwa najua."

Shemeji alikwenda akafunga bomba, akarudi akichechemea.

"Dada ameiona hii barua?"

"Bado."

"Jana ulilala nyumbani?"

"Nililala."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Mpigie. Sasa hivi. Weka sauti nje, nisikie."

Gumba akatoa simu. Mkewe alipokea mara moja, kama alivyompokelea siku zote. "Baba watoto, vipi, umesahau kitu?" Akamwambia. Alianza kwa kuzunguka, akataja duka, akataja wiki na mwaka, mpaka alipoona shemeji yake amekunja mikono akimngoja. Hapo akasema moja kwa moja: matairi nilichagua mimi, kosa ni langu, mdogo wako alikuwa kwenye arobaini kama alivyosema siku ya kwanza, na nilimsingizia. Upande wa pili ikasikika pasi ikiwekwa chini.

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Gumba akainyoosha simu. Shemeji aliitazama, mikono yake ikiwa bado imekunjwa. Akaugeuza uso upande wa gari.

"Mwambie nina kazi ya mtu hapa," alisema. "Nikimaliza nitampigia."

Alifungua bomba tena, akainama kwenye rimu, ule mguu wake umenyooka pembeni. Gumba alirudisha simu sikioni na kumweleza mkewe neno kwa neno, hakuongeza kitu.

"Atanipigia kweli?" mkewe akauliza, sauti imeshakatika. "Eti, baba watoto? Atanipigia?"

Gumba alimtazama yule mtu akisugua.

"Sijui," akasema.