Abee Iliyobaki Ghalani

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyeuliza cheti. Mkuu wa Studio, mtu wa Beirut aliyeshinda ofisini kwa ndara, alinivalisha hedifoni, akanionyesha kwenye skrini mwanamke wa Kichina aliyevaa hariri nyeupe, anayetembea juu ya bwawa bila kulowa. Akasema kwa Kiingereza, "Huyu amekufa. Mfanye aongee Kiswahili. Yalla."

Nilikuwa na shahada ya fizikia kutoka nyumbani Kenya na sare ya ulinzi niliyoichoka. Kazi hii niliisikia kwa mtu, nikaifuata hadi Al Quoz, mtaa wa viwanda huku kwa Waarabu, kwenye ghala moja lililokuwa kati ya karakana ya magari na kiwanda cha madirisha ya alumini. Msumeno wa jirani ulipolia, sisi tulinyamaza. Uliponyamaza, tulirekodi. Wenzangu wa chumba kule Al Nahda, walinzi wote, walicheka walipojua ninachofanya. "Kwa hivyo wewe unalipwa kupumua kwa niaba ya Mchina?" aliuliza mmoja. Hakuwa mbali na ukweli.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoniuliza kazi ile ilikuwaje. Wananiita mstaafu, na sijafika hata umri wa kuota mvi. Lakini kazi yenyewe imekwisha, na aliyeifanya hadi ikaisha ni mstaafu, awe na miaka mingapi.

Tulikuwa tukiingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za televisheni zilizotungwa kutokana na hadithi za kale za Kichina. Hadithi zenyewe zinafanana kwa sura. Msomi maskini analala kwenye hekalu lililoachwa. Usiku anabisha hodi mwanamke mzuri kupita kiasi. Asubuhi inajulikana kuwa mwanamke ni mbweha, au ni marehemu. Mara nyingi ana roho nzuri kuliko walio hai, ila msomi anazidi kukonda. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali, maana mimi huuliza. Kama marehemu ni mwema, kwa nini msomi anakonda?

Cheo changu cha kwanza kilikuwa msaidizi wa tafsiri. Aliyenisimamia alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa Kizanzibari aliyeishi mtaa wa Rashidiya tangu utotoni, na ambaye pia ndiye aliyekuwa sauti ya karibu kila mwanamke mtu mzima katika tamthilia zetu. Wiki ya kwanza tulibishana juu ya neno moja tu: yule mwanamke wa bwawani tumwiteje? Jini hakuwahi kuwa mtu. Pepo hupanda kichwani mwa mtu, na huyu hapandi. Mzimu ni wa ukoo, huyu hana ukoo. Bi Mwanaidi akasema, "Kizuka." Nikamwambia kamusi inasema kizuka ni pia mjane aliye edani. Akacheka. "Najua, baba. Nimewahi kuwa. Unakaa ndani na nguo nyeupe, watu wanakuja kukutazama, na wewe huendi popote. Andika kizuka."

Ugomvi wa pili nilishindwa vibaya zaidi. Katika sehemu moja bibi tajiri anamwita kijakazi wake, na kijakazi anaitika. Niliandika: "Sema." Bi Mwanaidi alisoma, akavua miwani.

"Nani kaandika hili?"

"Mimi, Bi."

"Mtoto wa kike anaitwa na bibi yake, anajibu 'sema'? Huyu kijakazi au utingo wa lori?"

"Kwetu tunasema hivyo."

"Kwenu mnaitana kutoka kilima hadi kilima, ndiyo maana. Mwanamke akiitwa, huitika abee. Mwanamume, naam. 'Sema' ni ya mtu aliyekaa kitako, hana nia ya kuinuka. Abee ni ya mtu aliyekwisha nyanyua mguu. Anakuja."

Akaingia kwenye kibanda cha kurekodia, akairekodi mara moja: abee. Nyepesi, yenye tabasamu mwishoni, kama mtu anayejifuta mikono huku akija kutoka jikoni. Mkuu wa Studio alisema khalas, hiyo inatosha, iende ghalani.

Ghala ndilo tuliloita jalada la kompyuta tulimohifadhi sauti ndogondogo: kikohozi, kilio, kicheko cha umati, pumzi ya mtu aliyeshtuka. Watu wasio na majina katika tamthilia hawakurekodiwa kila mmoja peke yake. Mhariri alichota ghalani. Hivyo abee ile moja iliitika katika majumba yote ya kifalme, kwa vijakazi wote, mwaka baada ya mwaka. Hakuna mtazamaji aliyegundua.

Cheo cha pili kilikuwa mpangaji wa midomo. Kazi hii inahitaji macho kuliko lugha. Mwigizaji anapotamka Kichina, midomo yake inafunga na kufunguka, na neno la Kiswahili lazima lifunge na kufunguka papo hapo. Herufi b, p na m hufunga midomo. Ukiweka "nala" mahali midomo ilipofunga, mtazamaji hatajua kosa liko wapi, ila ataacha kuamini. Nilikaa miaka nikitazama midomo bila kusikiliza. Kuna siku nilimtazama mwenye duka la chai nje ya studio akinisalimia, nikajikuta nahesabu anavyofunga midomo badala ya kumjibu.

Cheo cha tatu na cha mwisho nilikuwa mhariri wa sauti. Ndipo ilipokuja sehemu ya kisima.

Hadithi yake ni hii. Binti wa mtia rangi vitambaa amefiwa na mama. Anaambiwa kuwa akienda kwenye kisima kikavu nje ya mji na kumwita, mama ataitika kutoka chini na kupanda juu. Binti anakwenda. Anaita, mama anaitika, wanakaa ukingoni mwa kisima wakisukana nywele. Siku inayofuata anaita tena. Lakini kila anapoitikiwa, kivuli cha binti kinapungua kidogo, na watu wa mtaani wanaanza kumpita bila kumwona.

Sauti ya mama ilikuwa ya Bi Mwanaidi. Ya binti ilikuwa ya Rukia, mwana wa pekee wa Bi Mwanaidi, msichana mchangamfu aliyekuwa akituletea vitumbua kutoka Rashidiya na kuniita Kaka Kibet Sema. Walirekodi kwa zamu. Bi Mwanaidi alisema maneno yote ya mama, hata ya kutisha, isipokuwa moja.

"Abee sisemi," alisema kibandani.

Mkuu wa Studio alibonyeza kitufe cha kuzungumza naye. "Madam, ni neno moja."

"Sir, mengine yote nimekupa. Maiti haitiki abee. Akiitika, anakuja."

Mimi sikuweza kujizuia. Nilimwambia, "Lakini Bi, huyo si maiti. Ni mwigizaji. Walipomaliza kupiga picha alikwenda kula."

"Najua, baba. Na yeye hakusema abee. Alisema Kichina chake. Abee ni yetu."

Basi tukaacha pengo. Mkuu alisema tutalijaza baadaye.

Baadaye hiyo Bi Mwanaidi hakuifikia. Moyo ulisimama akiwa nyumbani, mchana, chai ikiwa bado mezani. Alizikwa makaburi ya Al Quoz, si mbali na studio. Mkuu alifunga kazi siku hiyo, nami nilikwenda na wenzangu kumpa Rukia pole. Rukia aliporudi kazini zilikuwa zimebaki sauti za binti wa kisimani. Mkuu aliniambia, "Lile pengo jaza kutoka ghalani." Nikajaza. Ndiyo kazi ya ghala. Kwa elimu yangu sauti ni mgandamizo wa hewa uliogeuzwa namba, na namba hazifi wala haziishi. Nilikuwa naamini hivyo. Bado naamini.

Rukia alisimama kibandani, hedifoni masikioni, akitazama skrini. Binti wa Kichina akainama juu ya kisima. Rukia akaita, "Mama."

"Abee," ikaitika ile ya ghalani.

Hakulia. Midomo yake ikabaki wazi. Kisha akasema, "Kaka, tena."

Nikarudisha nyuma. "Mama." "Abee." Tena. Mkuu wa Studio aliniminya bega, akaninong'oneza, "Umesikia? Hiyo si kuigiza." Alikuwa sahihi, ila yeye alikuwa akifurahi.

Sehemu ile ilikubaliwa siku hiyohiyo. Lakini kesho yake Rukia alikuja bila kuitwa, akasema hakuridhika na mwito wake. Keshokutwa vivyo hivyo. Vitumbua havikuja tena. Alipitiwa na basi la kampuni asubuhi, akakaa kwenye benchi la ukumbini hadi kibanda kiwe wazi, akaingia, akaita, akaitikiwa. Dada wa mapokezi, Mganda mwenye macho makali, aliniuliza siku moja, "Rukia ameacha kazi?" Nikamwambia yupo, amekaa mbele yako pale. Akageuka, akashtuka. "Sorry, my dear, sikukuona."

Nilijua sababu. Msichana aliyefiwa, asiyekula, aliyevaa kijivu mbele ya ukuta wa kijivu. Mchana ule alipotoka nje kupokea simu nilimtazama kupitia mlango wa kioo. Saa sita ya Al Quoz kivuli cha kila mtu ni kifupi. Jua liko utosini. Najua pia hilo. Hata hivyo nilitazama chini, miguuni pake, na sikupenda nilichofanya.

Aliporudi nilimwomba akae chumba cha mhariri.

"Rukia, mama yako alikataa kuirekodi ile abee. Hii unayoisikia ni ya kijakazi, ya zamani. Tumeichota ghalani."

"Alikataa kwa nini?"

"Alisema maiti akiitika, anakuja."

"Na hukuniambia."

"Siamini mambo hayo."

"Sikukuuliza unaamini nini, Kaka Kibet. Mama yangu kasema hataki kuitwa akaitika, na mimi namwita kila siku. Namwinua. Mtu kalala, namwinua."

Akaelekeza kidole kwenye skrini, akasema, "Itoe."

Tulikwenda kwa Mkuu wa Studio. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Pole, binti. Lakini midomo ya yule mama inafunguka, inafunga, inafunguka. Lazima kitu kitoke pale. Nikiacha kimya, wenye tamthilia watarudisha kazi yote. Nipe neno lingine linaloingia kwenye midomo ile na mwenye kulisema, nitakubali. Nikikosa, ile inabaki."

Tukarudi kwenye skrini, mimi na yeye, tukitazama midomo ya mwanamke wa kisimani bila sauti. Inafunguka, inafunga, inafunguka. Nilijaribu maneno kichwani. Njoo haiingii. Lala haifungi. Naam ni ya mwanamume. Rukia alikuwa akitamka kwa midomo tu, kama samaki. Ghafla akacheka, kicheko kidogo kilichomshangaza mwenyewe.

"Weka ile yako," akasema.

"Ipi?"

"Ya utingo wa lori."

Sema. Inafunguka, inafunga, inafunguka. Ya mtu aliyekaa kitako, hana nia ya kuinuka.

Aliingia kibandani mwenyewe. Alishusha sauti hadi ikafika ya mama yake, maana wote wawili walikuwa na koo moja. Mwito ulikuwepo tayari, ule wa kwanza aliourekodi. Niliucheza. "Mama." Rukia akajiitikia mwenyewe, polepole, kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili: "Sema." Basi. Mama anasikiliza, na haji.

Mkuu wa Studio, asiyejua Kiswahili, alitazama midomo, akasema khalas. Rukia aliniomba nifute na ile ya ghalani, nikaifuta mbele yake. Wiki ile ile vitumbua vilirudi, na dada wa mapokezi akawa anamwona kabla hajafika mlangoni.

Lililobaki nalisimulia jinsi nilivyoliona. Nilipokuwa nachanganya sauti kwa mara ya mwisho, baada ya "Sema" kulikuwa na kimya cha kawaida cha chumba. Sikusikia kitu. Lakini mistari ya kijani inayopima sauti iliinuka kidogo, ikashuka, ikainuka tena kwa namna ileile ya abee. Niliangalia kama msumeno wa jirani unalia. Haukuwa unalia. Niliangalia nyaya. Nikarudia, na safari ile mistari ililala. Inawezekana ni mabaki ya sauti iliyofutwa; mashine huacha mabaki. Sijapata mtu wa kunithibitishia, wala wa kunikatalia.

Sasa chumba cha Kiswahili kimefungwa. Sauti zinatengenezwa na kompyuta ambayo haikuwahi kukohoa, na hakuna anayechota ghalani. Rukia ameolewa, yuko Muscat. Mimi bado nakaa Al Nahda, natafuta kazi nyingine, na maswali sijaacha. Wanaotaka kujua niliondoka na nini katika kazi ile, niliondoka na tabia moja. Koridoni kwetu watu wengi wanafanana sauti, na mara nyingine nasikia jina langu likiitwa nami sijui ni nani wala wapi. Zamani ningeitika naam na kwenda kuangalia. Siku hizi nabaki nilipoketi, nasema, "Sema," halafu nasubiri.