Uso wa Mchora Majalada

Mchora majalada wetu huchora kwa uso kabla ya mkono. Akichora jambazi, anakunja ndita. Akichora bibi harusi, analegeza macho mpaka sisi wahariri wa meza ya pili tunaangua kicheko. Siku hizi kila kitabu kinataka jalada la katuni, kwa hiyo mashavu yake hayapumziki. Juzi mjane mmoja aliingia, akaja juu: “Nimeandika maisha ya marehemu mume wangu, nyie mnamfanya kikaragosi!”

Mchoraji akaweka kalamu chini. “Pole, mama. Alikuwa anachekaje?”

Mama akaeleza kwa shingo upande: jicho moja linafumba, mabega yanapanda. Mchoraji akajaribu.

“Bega la kushoto zaidi.”

Akajaribu tena. Mama akavuta kiti, akaketi.

“Huyo huyo. Mchore upesi, kabla hajaondoka tena.”