Dakika Kumi na Nne za Kwenda Kamanga

Mwanangu aligongwa na nyoka, kifutu, saa nane mchana, na mimi baba yake nikakaa kwenye usukani nalinganisha ramani za simu mbili.

Naitwa Obedi, dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, naishi Igogo, mjini. Shule niliishia darasa la tano. Njia nasomewa na simu, na kwa miaka mitatu haijawahi kuniangusha.

Siku hiyo tulikuwa kwa mama mkwe, kijijini upande wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Rebeka, miaka tisa, alikuwa anachuma matembele. Tukasikia yowe.

Nilipofika, mguu ulishaanza kujaa. Nikachukua mpira wa kufungia mizigo, nikaukaza chini ya goti kwa nguvu zangu zote.

"Tunavuka," nikasema. "Mjini, hospitali kubwa."

Simu yangu ikasema: pita Kamanga, panda kivuko, saa moja na dakika tano. Simu ya mke wangu Tereza, yenye ramani ya aina nyingine, ikasema: pita Busisi, darajani, saa moja na dakika kumi na tisa.

"Baba Rebeka, darajani hakuna kusubiri," akasema.

"Namba huzioni? Dakika kumi na nne hizo!"

Jamani, nilikanyaga mafuta.

Simu zikawa zinabishana ndani ya gari. Yangu nyoosha, yake geuza. Nikamwambia azime ya kwake. Akazima, akabaki anamwimbia mtoto.

Rebeka alikuwa ameacha kulia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Tukafika Kamanga. Ramani ikaniambia endelea mbele.

Mbele kulikuwa na maji.

Kivuko nilikiona mgongo tu. Kilikuwa kimeondoka muda si mrefu.

"Kingine saa ngapi?" nikamuuliza mkata tiketi.

"Saa nzima na ushee, mzee."

"Simu inasema dakika thelathini!"

"Hizo za kuvuka. Za kusubiri imekuhesabia?" Akaichungulia. "Basi iambie ikubebe mgongoni."

Watu wakacheka. Nikafungua mlango wakamwona mtoto. Kicheko kikakata palepale.

Mwanaume mzima, miaka arobaini na nane, nikapiga magoti kwenye vumbi. Sijui hata nilikuwa namwomba nani.

Mama mmoja mwenye begi akatoka kwenye foleni ya abiria, akauangalia mguu.

"Nani kakaza hivi?"

"Mimi."

"Unauua mguu, kaka yangu." Akaanza kulegeza mpira, kidogo kidogo. "Naitwa Adventina. Mimi ni nesi wa kituo cha afya cha misheni, kwenye barabara hii mliyokuja nayo. Nimemaliza zamu mchana huu. Dawa ya nyoka tunayo. Mmepita mlangoni kwetu!"

Tereza aliinama, akaziba mdomo kwa khanga.

Sista Adventina akaacha safari yake. Akapanda mbele kampakata Rebeka, huku anawapigia wenzake waandae dawa. Tereza akarukia nyuma kwenye bodi. Dakika ishirini na mbili, bila ramani, nafuata kidole cha nesi.

Rebeka yuko hai. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Waliniambia wazi: sumu ilianza, kuchelewa na ule mpira vikamalizia.

Watu wakiniuliza, huwa nalaumu simu. Nasema ramani ilinidanganya, wananipa pole, wengine wananinunulia na soda.

Leo nasema ukweli.

Kibao cha kituo kile nilikiona. Tereza alikiona kabla yangu. Alinishika mkono kwenye gia, akasema, "Baba Rebeka, tuingie hapa, nakuomba."

Nikamjibu, "Kwenye vituo hivi vya vijijini watatupa panadol tu." Nikautoa mkono wake, nikaongeza mwendo.

Hajawahi kunitaja mbele za watu, hata mbele ya mama yake. Nimejitaja mwenyewe.

Ndugu yangu unayesoma, ramani zote mbili zilijibu swali langu. Niliziuliza njia ya mjini, zikanipa njia ya mjini. Dawa iko wapi sikumuuliza mtu yeyote.

Uliza watu kwanza, simu baadaye. Na mkeo akikushika mkono barabarani, kanyaga breki.