Posa ya Ignatia na Gurudumu la Mto

Kwetu Grenada, katika bonde letu, Ignatia Alexis alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kuchemshia ya kiwanda cha ramu, kama mama yake na bibi yake. Maji ya miwa yakitoka kinuni, yeye na wenzake huyahamisha kwa upawa kutoka sufuria moja kubwa ya chuma hadi nyingine mpaka yawe mazito, ndipo yapelekwe kwenye matangi yachachuke yenyewe. Mvuke ule umefukuza wanaume wengi. Yeye aliimba humo humo.

Aliyechochea moto chini ya masufuria ni Cuthbert, ambaye wote tulimwita Boysie. Alitupa makapi ya miwa tanuruni huku akitupa na maneno ya posa. Miaka nenda miaka rudi alimposa Ignatia, akajibiwa kwa mzaha. Mara aambiwe ananuka moshi, mara aambiwe asubiri kwanza Ignatia azeeke. Boysie alicheka pamoja na wengine, kesho akarudi.

Kisha kikaja kimbunga. Kiling'oa paa la kiwanda na paa la kanisa, kikalaza miwa yote upande mmoja. Mto ukafurika, ukaleta magogo yaliyovunja gurudumu la maji, lile lililozungusha kinu tangu enzi za utumwa. Wazee wetu walikilisha kinu kile miwa kwa kuchapwa mijeledi. Sisi tulikilisha kwa ajili ya watoto wetu, na hakuna aliyetaka kukiona kimekufa. Mwenye kiwanda, Bwana Radix, alisimama matopeni akasema labda anunue injini ya dizeli.

Boysie ndiye aliyesema gurudumu litatengenezeka. Watu wakacheka, na Ignatia akacheka kuliko wote.

"Siku litakapozunguka hilo, Boysie, nitaolewa na wewe."

"Mmesikia nyote?"

"Wamesikia. Hata mbuzi wamesikia."

Boysie akavuka bahari kwenda kisiwa cha Carriacou kuwaita binamu zake, mafundi wa mashua. Walikuja na tezo zao, wakachonga mbao mpya, huku sisi tukizoa matope kwenye mfereji. Ignatia alileta shelisheli lililopikwa kwa tui na nyama ya chumvi, akatutangazia kwamba anawalisha mafundi, si mtu mwingine. Lakini tuliona sahani ya nani ilijazwa zaidi.

Siku ya kufungulia maji bonde zima lilifika. Maji yaligonga mbao, gurudumu likatetemeka, likasimama. Mbao mbichi zilikuwa nzito mno. Boysie akaruka mferejini na kulisukuma, miguu ikiteleza. Bwana Radix akatazama chini.

Ignatia alikuwa amefunga mikono kifuani. Akaifungua, akakaza sketi kiunoni, akaingia majini. Mimi, mtoto wa mama yake mdogo, nikamwuliza anakwenda wapi.

"Nimechoka kungoja," akasema. Kisha akamgeukia Boysie. "Weka bega hapa, mzee. Unasukuma kama mtu asiyetaka kuoa."

Boysie akaishiwa nguvu kwa kicheko, na ikabidi Ignatia angoje kicheko kipite. Wakasukuma pamoja. Gurudumu likalia, likasogea ubao mmoja, likapata maji, likaenda, nao wote wawili wakaangukia mferejini. Alipoinuka, Ignatia alikuwa amemshika Boysie kola, asije akapelekwa na maji. Hakumwachia hata alipofika nchi kavu.

Kanisa lilikuwa bado halina paa, kwa hiyo padri aliwafungisha ndoa kiwandani, kati ya masufuria meusi kwa moshi, Ignatia akiwa katika gauni jeupe. Tulikata keki nyeusi ya matunda yaliyolowekwa ramu tangu kabla ya kimbunga. Padri aliomba kipande cha pili, kisha cha tatu, kisha akawabariki maharusi upya, akidai mara ya kwanza alisahau.

Ramu ya kwanza ilipotoka kwenye mtambo, tulikusanyika tena. Ignatia alimwaga tone ardhini akataja jina la mama yake na la bibi yake, marehemu wote wawili. Boysie akataja wa kwake. Kila mmoja wetu akataja wake, hata mafundi wa Carriacou, na kikombe kikazunguka. Ilikuwa kali, ikachoma koo vizuri. Bwana Radix alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akaomba kikombe kirudi kwake.